Vumbi la Mgongoni

Je, mpo? Mpo! Na masikio yapo? Yapo! Basi yafungueni. Zamani, tena zamani zilizozeeka, milima hii ilipokuwa bado haijachoka kusimama, palikuwa na mpiga mieleka jina lake Kiangi. Wewe uliyejaza karanga mdomoni, tafuna taratibu, kisa hakikimbii.

Siku hizo, watoto wangu, mtama ukishavunwa na kupurwa, watu walipigana mieleka palepale kwenye uwanja wa kupuria. Vumbi la pale lilikuwa na pumba, na pumba za mtama zinawasha, loo! Uliza mgongo wangu. Basi palikuwa na desturi. Ukimwangusha mwenzako, humwachi. Unamwinua, unamgeuza, unampangusa mgongo kwa kiganja chako. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha unamwambia, "Nyumbani salama." Naye anakwenda, na neno limekwisha. Mkono mwingine haukuruhusiwa kumpangusa, hata wa mama yake, hata wa mkewe. Ni wa aliyemwangusha tu.

Kiangi alifunzwa mieleka na mzee Senzota. Mzee alimfunza kusimama, alimfunza kupumua, akamfunza na ngwala ya mguu wa kushoto, ile ambayo huioni inakuja, unashtukia unatazama mawingu. Mwaka Kiangi alipopevuka, aliingia uwanjani na nani? Na Senzota mwenyewe. Akampiga ngwala ileile, mzee akaanguka chali, puu! Watu wakapiga vigelegele. Senzota akainuka akicheka, akageuza mgongo, akangoja.

Akangoja.

Kiangi akasema, "Mimi ni mpiga mieleka, si mfagizi." Akaondoka zake.

Msicheke. Mbona mnacheka? Hata siku ile wapo waliocheka, na hilo ndilo lililomharibu. Vijana wakasema, "Huyu ndiye dume!" Wazee wakasema, "Huyu hana adabu." Wakagombana kwa ajili yake, ndugu na ndugu hawakula pamoja. Na kadiri walivyogombana ndivyo walivyojaa uwanjani kumtazama. Akaangusha huyu, akaondoka. Akaangusha yule, akaondoka. Akamwangusha Mgonja, mrina asali, mtu mpole asiye na maneno, akaondoka. Mwaka wa pili akamwangusha tena Mgonja, akaondoka tena. Watu wakirudi nyumbani na vumbi lao, wanajikuna njia nzima. Na Kiangi alilala usingizi mzuri, nisiwadanganye.

Lakini magoti nayo yana siku zake. Mwaka mmoja Mgonja akaingia uwanjani kwa mara ya tatu. Wakashikana. Wakasukumana. Kiangi akatupa ule mguu wa kushoto, na Mgonja, aliyekwisha kuufahamu kwa kuangushwa nao mara mbili, akauruka! Kiangi akapepesuka, akashikwa kiunoni, akabwagwa. Puu!

Uwanja mzima ukapiga kelele. "Mwache! Mwache aende na vumbi lake!" Wale wale vijana wa juzi ndio waliopaza sauti zaidi.

Kiangi akainuka peke yake. Pumba zilimwasha mabegani, zikamwasha shingoni, na hakuthubutu kujikuna. Kwa mara ya kwanza akajua kungoja kulivyo. Aliogopa, watoto wangu. Aliogopa kwamba akitoka pale hivyo alivyo, hatakuwa na mahali pa kurudi milimani kote.

Kisha akasikia nyayo nyuma yake.

"Geuka vizuri, kaka," Mgonja akasema.

Kiganja kikapita mgongoni. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Nyumbani salama."

Kiangi akalia mbele za watu wote. "Ndugu yangu, mimi nilikuacha mara mbili. Kwa nini?"

Mgonja akasema, "Ndiyo maana. Ninajua linavyowasha."

Basi asubuhi Kiangi hakwenda shambani. Alikwenda kwa Mgonja kwanza, kisha nyumba hadi nyumba. "Hodi! Nimekuja kukupangusa." Wengine walimfukuza. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyungu, naye akarudi kesho yake. Wengi waligeuka wakampa mgongo, na wapo waliolia kama watoto, wanaume wazima wenye wajukuu.

Mwisho akafika kwa Senzota. Mlangoni akatoka mkewe, Nakiete.

"Hodi, mama. Nimemjia baba."

"Umechelewa, mwanangu. Tulimzika mvua za mwaka juzi."

Kiangi akakaa chini. Nakiete akaingia ndani, akatoka na ngozi ya mbuzi, ile aliyoivaa Senzota siku ile alipoangushwa. Upande wa mgongoni vumbi lilikuwa limeganda, na pumba zake.

"Nilitaka kuikung'uta kila mwaka," akasema. "Akanikataza. Akasema, 'Iache, mke wangu. Yule kijana wangu atakuja.'"

Kiangi akaipokea. Akaipangusa mara moja, mara ya pili, na ya tatu kwa shida, maana haoni kwa machozi. "Nyumbani salama, baba," akasema. "Na ahsante. Ahsante kwa kuningoja."

Tangu siku hiyo hakupigana tena. Alikaa kando ya uwanja akifunza vijana, na somo lake la kwanza lilikuwa kupangusa, ngwala baadaye.

Basi ukimshinda mwenzako, usimwache na vumbi. Na ukipanguswa, shukuru, maana aliyekupangusa hakulazimika. Mimi namshukuru Mgonja hadi leo, ingawa sikumwona kwa macho, kwa kuwa bila kiganja chake kile nyumba nyingi hapa zisingesalimiana.

Kisa changu nimekipangusa mara tatu, nacho kimekwenda nyumbani salama. Aliyesinzia na amuulize mwenzake, mimi koo limekauka.