Nyama ya Jemadari

Paliondokea nyumba moja ambamo mbwa alikula kabla ya watu. Kila mchana Siwatu, mpishi, alimpakulia Jemadari pilau na minofu ya mbuzi, kisha yeye na Mashaka, mtunza bustani, wakala ugali na dagaa. Jemadari akanenepa hata kizingiti kikamshinda.

Mzee Kibwana, mwenye nyumba, akaja juu. "Siwatu, wewe ndiye unayemlisha. Mwezi ukiisha hajakimbia, fungasha virago."

"Mzee, ugonjwa umo kwenye chakula," alisema Siwatu. "Si unamwona Mashaka anavyokuja mbio ukimwita? Zile ni dagaa."

"Basi mpe hizo dagaa. Na nyama yake?"

"Tukiitupa ataifukua jalalani. Tutajikaza tuimalize sisi."

Mwezi ulipoisha, Jemadari aliruka ua akamkimbiza paka wa jirani. Mzee alicheka mpaka akatoa machozi.

"Amepona. Kesho mrudishie nyama yake."

"Sawa, mzee. Ila kwanza mwite Mashaka."

Mzee akaita. Akaita tena. Mara ya tatu Mashaka, aliyekwea mnazi asubuhi ile ile bila kuhema, akajikokota kutoka bustanini, tumbo mbele, akaanguka kizingitini na kucheua.

"Umeona?" Siwatu alinong'ona. "Ugonjwa wote umehamia kwetu. Ukimrudishia nyama, unamrudishia nao. Tuachie sisi tulioharibika."

Mzee akamvuta Jemadari nyuma yake haraka. "Imalizeni yote nyinyi," alisema, "na mbwa wangu msimguse."