Nyanya Mbovu za Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na sahani!

Na mikono, mmenawa?

Mbona kimya? Haya, kanaweni kwanza. Hadithi haitapoa.

Sasa. Palikuwa na Pimbi, mama wa mtoto mmoja aitwaye Kijino. Kijino alikuwa na ukubwa wa ngumi, na alikula kitu kimoja tu: nyanya. Ukimpa mchicha, anafunga mdomo. Ukimpa uji, anafunga mdomo. Ukimpa nyanya, kwacha kwacha kwacha, saba zimekwisha, na kikapu anakilamba.

Nyanya hizo zilitoka kwa Mzee Kiboko, kwa kuwa ukingo mzima wa mto ulikuwa wake. Nani angembishia? Kiboko akikaa mahali, amekaa. Kila Jumatatu alibeba bomba la dawa mgongoni: fsss, fsss, fsss. Jumanne alichuma. Jumatano yuko sokoni. Nyanya zake ziling'aa, hazina tobo, hazina doa, na wadudu waliokuwa wakizila hawakuonekana tena hata waulizwe habari zao.

Basi Kijino akaanza kuumwa. Jumatano amekula, Alhamisi tumbo linamkata, udenda unamtoka, macho yanamwaga maji. Ijumaa afadhali. Jumatano tena saba, Alhamisi tena tumbo.

Majirani walisema ni jicho la watu. Pimbi hakuwa na nafasi ya jicho la watu. Alikuwa na nguo za kufua. Alifua huku akifikiri. "Mimi nakula nyanya moja kwenye mchuzi, nimeiosha, nimeimenya, na mwili ninao. Huyu ngumi anakula saba, mbichi, na maganda yake. Nyanya ni zilezile, lakini zinazomwingia yeye si sawa na zinazoniingia mimi."

Akaanika nguo, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, Mama Kijino. Umefuata nyanya?"

"Nimefuata neno. Dawa yako inamuumiza mtoto. Ukipuliza, subiri wiki mbili ndipo uchume. Imeandikwa kwenye chupa."

Kiboko akacheka, ho ho ho, mpaka mto ukapanda ukingoni. "Wiki mbili! Zioze? Dawa ni ya kuua wadudu, mama. Kwani mwanao ni mdudu?"

"Kwa ukubwa, anakaribia."

Mara Pimbi akasikia kwacha kwacha nyuma ya nyumba. Akachungulia. Kulikuwa na tuta dogo lililozungushiwa miiba. Nyanya zake zimepinda, zina matobo, na viwavi wamestarehe juu yake. Watoto watatu wa Kiboko walikuwa wakizila, mashavu yamewajaa.

"Na hizi, mzee?"

Kiboko akapiga hesabu. Aseme ni za wanawe, hazijapulizwa? Nani atanunua tena zile za shambani?

"Hizo? Aah, hizo mbovu. Za kutupa. Watoto wanachezea tu."

"Za kutupa."

"Za kutupa, mama."

"Haya," akasema Pimbi, akaenda zake bila kubishana. Mtu yeyote aliyelelewa na mama angejua hapo ndipo pa kuogopa. Kiboko akarudi kuoga.

Jumatano, sokoni kumejaa, Pimbi akapanda juu ya debe.

"Jamani, nisikilizeni! Huyu mzee wetu ana shida na nyie mnamtazama tu. Nyuma ya nyumba yake kuna nyanya mbovu, za kutupa, kasema mwenyewe. Na watoto wake wanazichezea, masikini! Mimi nimejitolea kuzitupa. Kila siku. Bure."

"Mama ana moyo huyu," akasema Kobe.

"Au mzee," akauliza Bi Ngedere, ameshika nyanya inayong'aa, "hizo za nyuma ndizo mnazokula nyumbani?"

Kiboko akafungua kinywa. Kinywa cha Kiboko kikifunguka, soko zima linaona mpaka tumboni.

"Sisi? Tule zile? Azichukue!"

Kesho yake: "Hodi! Nimekuja kutupa." Kikapu kikajaa.

Kesho kutwa: "Hodi! Nimekuja kutupa." Kikapu kikajaa.

Kijino akala saba, viwavi akawatema pembeni, ptu, ptu. Alhamisi ikafika, tumbo kimya. Ikafika nyingine, kimya.

Kwa Kiboko, kelele. "Baba, njaa!"

"Kuleni za shambani."

"Si ulisema tukizigusa utatuchapa? Si ulisema zina sumu?"

Walisema kwa sauti, watoto hawajui nyingine, na Kobe na Bi Ngedere walikuwa wamesimama palepale mlangoni, wametoka kununua za shambani, vikapu vimejaa. Wakatazamana. Wakageuza vikapu chini juu, wakaondoka.

Kiboko akatundika bomba. Si kwa huruma. Alikuwa na vinywa vitatu vya kulisha, kila kimoja mlango wa ghala, na soko halimtaki. Akasubiri wiki mbili ananung'unika, ndipo akachuma. Nyanya zilikuwa na tobo hapa na pale. Zikanunuliwa zote.

Siku hiyohiyo Pimbi akamletea Kijino kikapu kizima, akajinyoosha kitandani, akafumba macho kwa mara ya kwanza mwezi ule.

"Mama," akasema Kijino, "sitaki nyanya. Nataka kabichi."

Ng'ambo ya mto, kwenye kabichi za Mzee Nyati, palisikika: fsss, fsss, fsss.

Pimbi akashusha pumzi. Akachukua kikapu.

"Hodi!"

Fundisho la hadithi hii: mtoto mwema hula chochote kinachong'aa, na mama mwenye adabu hamuulizi mwenye shamba anakula nini kwake.

Hadithi yangu imeishia kwenye sufuria. Kama imekolea, pakueni. Kama haina chumvi, mpishi amechoka. Kaosheni vyombo mkalale.