Mkanda kwa Mjomba, Bobini kwa Shangazi, Sindano kwa Wifi

Masikio yako wapi? Yako hapa? Basi yategeni vizuri, na wewe uliyeegemea nguzo acha kutafuna muwa, unanipigia kelele. Leo nimekuja na kesi, na mahakimu ni nyinyi. Mimi imenishinda.

Huko Muheza kuna mwanamke anaitwa Somoe, na Somoe ana jamaa watatu wenye vipaji. Mjomba wake Semkiwa amesimamia mashine ya kusaga unga miaka thelathini. Washa mtambo wowote, yeye anasikiliza tu, kisha anakwambia unaumwa wapi. Shangazi yake Mwantumu ameshona kofia kwa mkono tangu usichana. Macho yamefifia, lakini vidole vyake vinausoma mshono kama wengine wanavyosoma barua. Na wifi yake Hidaya, mke wa kaka yake, alifagia kibanda cha mafundi cherehani miaka mitano. Hajawahi kushona hata kifungo, ila alichokiona pale hakisahau.

Somoe mwenyewe? Hajui kitu, hata kutia uzi. Alitaka cherehani yake ya kwanza, basi. Darasa la ushonaji la Bi Sikudhani linafunguliwa Jumatatu, na masharti yake hayana mjadala: uje na cherehani yako inayoshona, pamoja na kitambaa ulichokikata kwa kipimo cha mtu. Ukikosa kimoja, nafasi anapewa mwingine. Somoe ameingoja nafasi hiyo miaka miwili, akimenya viazi kwenye mgahawa wa watu. Kitambaa anacho kimoja tu, cha buluu, alichoachiwa na marehemu mama yake.

Alhamisi akaenda kwa muuza cherehani. Angekwenda peke yake, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini alifuatana na wote watatu, na kabla hawajafika wakaanza.

"Ya umeme," anasema mjomba.

"Ya mkono! Huyu anajifunza," anasema shangazi.

"Nyinyi hata hamjaziona!" anasema wifi.

Njia nzima hivyo hivyo! Mlangoni Somoe akashindwa kuvumilia. "Jamani, mnanitia wazimu! Atakayenipatia cherehani, nguo ya kwanza namshonea yeye. Sasa nyamazeni!"

Wakanyamaza. Laiti angeuma ulimi.

Dukani, macho ya Somoe yakatua kwenye cherehani ya umeme, nyeupe, inang'aa, inashona na maua. Akaikumbatia kabisa. "Hii hii!"

"Ngoja kwanza," akasema mjomba. "Iwasheni." Ikawashwa. Akafumba macho, akainamisha kichwa. "Zima. Meno yake ya ndani ni ya plastiki, na yamelika. Mwezi mmoja, mpwa wangu, kisha utaifanya meza ya kuwekea chai." Muuzaji akabisha, akaapa, mwisho akaifungua. Meno yalikuwa yamelika. Somoe alitaka kulia, lakini aliiacha.

Ikaja ya mkono, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu. Muuzaji akazungusha, ikatoa mshono ulionyooka mpaka Somoe akapiga vigelegele. Shangazi hakuutazama ule mshono. Aliupitisha kidole kwa chini. "Mwanangu, huku chini uzi umejikunja vitanzi vitupu. Ukivuta, nguo inaachia mwilini mwa mtu." Muuzaji akakaza skrubu, akajaribu mara tatu. Shangazi akapapasa mara tatu, akatikisa kichwa mara tatu. Somoe akaiacha na hiyo, roho inamuuma.

Dukani ikawa imebaki moja, ya kukanyaga kwa miguu, imesukumwa pembeni na juu yake yamepangwa mabeseni. "Hiyo inaruka mishono," akasema muuzaji. "Naipeleka kwenye chuma chakavu." Mjomba na shangazi walikwishatoka nje, wanaitana twende zetu. Hidaya akaondoa mabeseni, akachungulia. "We baba, nani kaweka sindano hii? Imegeuzwa nyuma mbele!" Akaitoa, akaigeuza, akairudisha. Muuzaji akakanyaga. Ikashona mstari mmoja safi, juu na chini, bila kuruka.

Wakaibeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani, wakaiweka sebuleni. Somoe akashusha pumzi. Akadhani mambo yamekwisha, maskini.

"Haya, kipimo changu cha shati," akasema mjomba.

"Shati gani? Mimi nataka gauni," akasema shangazi.

Hidaya akacheka. "Nyinyi kazi yenu ilikuwa kukataa tu. Aliyeipata ni mimi."

"Bila masikio yangu angekwishalipia ile nyeupe!"

"Na bila vidole vyangu angekwishalipia ile ya mkono! Ungefika saa ngapi kwenye mabeseni yako?"

"Na bila mimi angerudi na nini? Mikono mitupu!"

Loo! Walipochoka kupiga kelele, mjomba akafungua mkanda wa cherehani, akautia mfukoni. "Utanifuata ukishaamua." Shangazi akachomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaifunga kwenye pindo la khanga. Hidaya akatoa sindano, akaichomeka kwenye kilemba chake. Watu wazima hao! Wakaondoka kila mmoja na njia yake.

Wewe pale, najua unachotaka kusema. Eti akanunue sindano nyingine dukani. Haya, tuseme sindano amepata, na mkanda, na bobini. Shangazi atamnunua duka gani? Semkiwa ndiye kaka pekee wa mama yake aliyebaki. Hidaya ndiye aliyemuuguza mama huyo mpaka siku ya mwisho. Na Mwantumu ndiye aliyemlea Somoe mama alipofariki. Hilo shati na hilo gauni ni maneno tu. Kila mmoja anakitaka kile kitambaa cha buluu, na hakuna anayelisema hilo kwa mdomo wake.

Amewaomba wakubali nguo ya pili, na ya tatu. Wamekataa. Amewaambia wapige kura. Kila mmoja amejipigia mwenyewe. "Hivi mnataka nimenye viazi mpaka nizeeke?" amewauliza. Wamemjibu kwa sauti moja, mara ya kwanza wanakubaliana: "Wewe uliahidi."

Sasa ni Jumapili alasiri. Kitambaa kimetandikwa mkekani, kinatosha nguo moja na hakibaki hata cha leso. Vipimo vitatu viko kwenye karatasi, cha mjomba, cha shangazi, cha wifi. Mkasi uko mkononi, na Somoe analia kwa hasira.

Mimi mnaniangalia nini? Semeni nyinyi. Akate kwa kipimo cha nani?