Mlima Uliopigiwa Hodi

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni motoni, na mwenye kusinzia asiikoromee hadithi yangu.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Siyu, palikuwa na mama aliyeitwa Bi Mwanatumu. Ukutani mwake, kidakani, alikuwa na bakuli la Kichina, na katika bakuli palichorwa mlima mrefu wa samawati. Tangu utotoni, kila akiamka, aliuamkia ule mlima: "Shikamoo." Mlima kimya. Kesho yake tena, shikamoo, mlima kimya. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, naye akaamkia mpaka akazeeka, macho yakapofuka.

Siku moja akamwita bintiye, Somoe. "Mwanangu, nguvu zinaniisha. Nenda Uchina kwenye huo mlima. Nataka kujua kama maisha yangu yote nimeamkia mtu au nimeamkia udongo."

Somoe akaenda. Akavuka maji, akavuka maji, akavuka maji, kisha akapanda vilima mpaka kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa kwa mbao ukingoni mwa jabali. Mwenye nyumba alikuwa Korongo, ndege mpole wa miguu mirefu. Akamwosha Somoe miguu kwa maji ya moto yenye tangawizi, akamletea maandazi ya nyama yaliyopikwa kwa mvuke. Jamani, alikula akasahau uchovu.

"Mlima uko wapi, bwana?"

"Uko mbele ya dirisha lako, bibi."

Somoe akafungua dirisha. Ukungu mtupu, mweupe kama tui.

Akachungulia asubuhi, akachungulia adhuhuri, akachungulia jioni. Chumba cha pili alikuwako Bwana Liang, mfanyabiashara wa hariri, naye alichungulia huku akiukaripia ukungu: "Ondoka, nimetoka mbali." Ukungu ukazidi. Siku zikapita, Bwana Liang akafunga mizigo. "Hapa hapana mlima," akasema. "Korongo anatuuzia chai tu."

Hofu ikamwingia Somoe. Msafara wa kurudi pwani ungeondoka asubuhi, na mama yake hakuwa wa kungoja msafara mwingine. Angemwambia nini? Akalia.

Alfajiri Korongo akaleta chai. Akabisha mlango kwa mdomo wake, ngo, ngo, ngo, akasubiri.

"Karibu," akasema Somoe, kisha akajishika kichwa. "Ole wangu. Wewe ndiye mwenye nyumba, na bado umebisha. Mimi nimekuja kwa mzee wa watu, nikakaa kumchungulia dirishani kama mwizi wa kuku. Hata hodi sikupiga."

Mwacha mila ni mtumwa, wasikilizaji wangu.

Akajitanda ushungi wake vizuri, akatoka nje kwenye baraza la mbao, akasimama kando kwa adabu.

"Hodi."

Ukungu haukutikisika.

"Hodi."

Upepo ukavuma chini bondeni.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu."

Sauti ile ilitoka ardhini, ikapita kwenye mbao, ikampanda miguuni. Ukungu ukafunguka taratibu. Ikaonekana misonobari iliyoota juu ya mawe matupu, yakaonekana maporomoko ya maji, na kilele kikaonekana juu, juu mno kuliko alipodhani mbingu inaanzia. Somoe akatazama mpaka ushungi ukamwanguka. Bwana Liang, mzigo begani, akapiga magoti.

"Wengi wamenichungulia," mlima ukasema. "Nani kakufunza hodi?"

"Mama yangu, Bi Mwanatumu wa Siyu."

Mlima ukauliza, "Yule mtoto anayeniamkia kila asubuhi?"

"Ni mzee sasa, na haoni."

"Kwangu ni mtoto bado. Kila siku nimemwitikia, lakini sauti yangu ni nzito, haivuki maji. Mpelekee wewe."

Somoe akarudi mbio, akamkuta mama yake kitandani, majirani wamemzunguka. Akalishusha bakuli, akamwekea mikononi. Bi Mwanatumu akaupapasa mlima kwa kidole.

"Shikamoo," akasema, kama kawaida yake.

Somoe akainama sikioni pake. "Marahaba, mwanangu. Ndivyo alivyosema, mama. Kila siku alisema hivyo."

Bi Mwanatumu akacheka kicheko cha kitoto. Majirani safari hii hawakucheka. Mmoja mmoja walisogea kitandani, wakaliinamia lile bakuli, wakaliamkia.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Nanyi mkifika makwenu, msisahau kupiga hodi.