Kisima cha Muhanga na Kiapo cha Kifaru

Paukwa.

Pakawa.

Wenye masikio?

Tupo.

Wenye ndimi za kusema "naam, mkubwa"?

Wamekaa mbele.

Basi wasogee kidogo, wanatuzibia upepo.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, mvua iligoma. Mto ulikauka mpaka samaki wakasahaulika. Ukitazama juu, wingu hakuna. Ukitazama chini, vumbi. Kifaru, mwenye nguvu kuliko wote, alijiondokea kwenda milima ya mbali kwenye majani mabichi, wala hakumuaga mtu.

Aliyebaki kufanya kazi ni Muhanga. Mnamjua Muhanga, pua ndefu, mgongo wa kibyongo, makucha ya kuchimbia. Akachimba. Chwa, chwa, chwa. Wenzake wakakaa kandokando wakimpa ushauri, kazi wanayoipenda sana. Akachimba. Chwa, chwa, chwa. Siku maji yalipoanza kuchuruzika, ukingo ukaporomoka, puuu, ukamfunika hukohuko chini. Maji yakapanda. Muhanga hakupanda.

Wanyama walilia siku hiyo, sitaki kuwasingizia. Wakasema hiki ni kisima cha Muhanga, na mjane wake na wanawe watakunywa kwanza mpaka mwisho wa dunia. Dunia yenyewe ilidumu mpaka Kifaru aliporudi.

Kifaru alinusa maji akiwa mbali. Gudu, gudu, gudu, huyoo. Akanywa, akanywa, akacheua, kisha akauliza kisima ni cha nani. Kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe. Ni chake, alikichimba kwa pembe yake, na mwenye kumbukumbu tofauti aje aielezee mbele ya pembe hiyohiyo. Akaitisha baraza, kila mnyama atoe ushahidi.

Twiga akasema kwamba siku ile shingo ilimkaza, akawa anatazama mawingu tu. Mawingu gani, na mvua ilikuwa imegoma? Hakuna aliyemuuliza. Punda Milia akasema mengine aliyaona na mengine hakuyaona. Nyani, ambaye wenzake walimwita msomi kwa sababu hujikuna kichwa kabla ya kusema, alijikuna, akatangaza kwamba amelichunguza shimo lile na lina umbo la pembe kabisa.

Mama Muhanga akasimama na wanawe, akasema mumewe yumo humo chini. Kifaru akaamuru kwamba mama huyu na watoto wake wasikanyage tena kisimani, maana wanawatia wanywaji majonzi.

Akabaki shahidi mmoja, Pimbi. Mdogo, hana mkia, kutwa anaota jua juu ya mwamba wake. Lakini yeye ndiye aliyemsikia Muhanga akiita kwa mara ya mwisho, na Mama Muhanga alilijua hilo. Akamkazia macho.

"Kisima ni cha Bwana Kifaru," akasema Pimbi.

Mama Muhanga akatema mate chini.

Pimbi akaendelea kwa sauti laini kwamba mali kubwa namna hii haifai kuachwa hivihivi. Wachimba visima wana desturi yao: mwenye kisima hupakwa tope usoni, akaapa mbele ya watu. Kifaru maishani mwake hakuwahi kuchimba hata shimo la kupandia mhogo, desturi hiyo aliisikia siku hiyo. Lakini angekubalije kuonekana hajui? Akainamisha uso, akapakwa tope, akaapa, "Kisima hiki nimekichimba mimi peke yangu." Akakiona kiapo ni kifupi mno kwa ukubwa wake, akakirefusha kwa uchoyo wake mwenyewe. "Na hakuna mguu mwingine utakaoshuka humo, milele."

Nyani akakitungia wimbo papo hapo. Kachimba nani? Kifaru. Atashuka nani? Kifaru peke yake. Ukaimbwa asubuhi, ukaimbwa jioni, na watoto wakafundishwa kwamba hiyo ndiyo historia.

Pimbi akamhamishia Mama Muhanga na wanawe kwenye mwamba wake, wakawa wanalamba umande kwenye mianya ya mawe. Mama yule alikubali kwa ajili ya watoto, ila hakumsemesha mwenyeji wake hata neno. Kitinda mimba wake alidhoofu mpaka akashindwa kusimama.

Sasa, kisima nacho kina tabia yake. Kisipozolewa tope, hujaa. Na nani angezoa, wakati kila mmoja alikuwa anaimba? Maji yakawa mazito, yakawa uji, yakawa tope tupu. Kifaru akaja, akavuta, akapaliwa, akamwita Ngiri ashuke kuzoa.

Ngiri alishaweka mguu ukingoni Pimbi alipokohoa. Kho, kho. "Rudisha mguu, Ngiri. Unataka kuvunja kiapo cha mkubwa?"

Akawaeleza wote desturi iliyobaki, ile ambayo kila mchimba visima anaijua. Aliyechimba ndiye anayezoa. Hata kama anaumwa, yeye ndiye anayetangulia kushuka. Kisha akamgeukia Kifaru kwa adabu. "Au labda kuna mwingine aliyechimba. Sema tu, mkubwa. Sisi ni wasahaulifu, tutakumbushwa."

Kifaru akaparua ardhi kwa mguu. Ndipo Nyani, mjinga yule, akadhani ni wakati wa sifa. Akaanzisha wimbo wake. Kachimba nani? Kifaru. Atashuka nani? Wanyama wote wakaitikia, Kifaru peke yake, na kwa mara ya kwanza wakayasikia maneno waliyokuwa wakiyaimba.

Kifaru akalitazama shimo, akawatazama wao. Kukataa kulikuwa ni kukiri. Akashuka. Gubu. Tope likafika magotini. Gubu. Tumboni. Gubu. Shingoni. Akaomba msaada. Hakuna aliyesogea, na sijawahi kuona amri ya mkubwa ikitiiwa kwa furaha kiasi kile.

"Aliyechimba anaijua njia ya kutokea," akasema Pimbi, amejilaza ukingoni.

Tope lilipogusa mdomo, Kifaru akasema, "Sikuchimba mimi."

"Nani basi?"

"Muhanga."

"Rudia, mkubwa. Twiga yuko juu sana, hakusikia."

"Muhanga," akalia Kifaru. "Muhanga ndiye aliyechimba."

Kiapo kikafa hapo. Mama Muhanga akaja na wanawe wawili wakubwa bila kuitwa, chwa, chwa, chwa, wakachimba mteremko pembeni wa kumtolea Kifaru. Wanyama wakashangaa, wakamuuliza kwa nini asimwache tu azame.

"Mume wangu kalala humo," akasema. "Sitaki alale na huyu."

Kifaru akatoka tope mpaka masikioni, akaenda zake bila kugeuka. Mpaka leo anajipaka tope, na ukimuuliza anasema ni kwa ajili ya ngozi.

Tope likazolewa, maji yakarudi, na wa kwanza kunyweshwa alikuwa kitinda mimba. Mama Muhanga akaweka sharti moja tu: hanywi mtu kabla hajataja kwa sauti aliyechimba. Twiga akataja, akaongeza kwamba yeye aliona kila kitu tangu mwanzo. Nyani akataja na wimbo mpya juu. Pimbi akaja wa mwisho.

"Wanangu walilamba mawe kwa neno lako," Mama Muhanga akamwambia.

"Najua, shemeji," akasema Pimbi, akalitaja jina la Muhanga.

Mama akampisha, Pimbi akanywa.

Hadithi yangu imefika kisimani. Mwenye kiu achote, mwenye pembe akae mbali.

Na funzo lake, kwa kuwa wakubwa wamo humu ndani wanatusikiliza, ni hili. Watoto wazuri, waheshimuni wenye pembe, na msiwe wenye hila kama Pimbi. Mkiulizwa nani alichimba, tazameni mawingu kama Twiga. Shingo itawauma kidogo, lakini mtazoea.