Paa Lisilovuja

Walio nyuma wasogee mbele, maana sipendi kupiga kelele na sitarudia. Nina mfano, nao si mrefu.

Alikuwako mtu mmoja, mkata mawe, kijiji chake kimekaa kando ya bahari. Msiniulize kijiji gani. Nikiwatajia mtaanza kumtafuta yeye ni nani, badala ya kujitafuta nyinyi wenyewe. Mtu huyu alikuwa na nyumba ya makuti, mke mwenye ulimi, na mdogo wake mmoja wa tumbo moja aliyekuwa mkwezi wa minazi.

Makuti mnayajua. Nyumba inakuwa baridi jua likiwa utosini, usingizi wa mchana unakuwa mtamu. Lakini hayadumu. Upepo wa chumvi unayala, mchwa anayala, panya wanazalia humo humo, na baada ya masika machache umelala kitandani unaona nyota. Hapo huna ujanja, lazima uezeke upya. Na kijijini kwao kuezeka haikuwa kazi ya mtu mmoja. Watu wanaalikwa, wanawake wanapika, wanaume wanapanda. Ila mgongo wa paa, pale juu kabisa pande mbili zinapokutana, uliachiwa watu wawili wa damu moja. Mmoja anakaa upande wa bahari, mwingine upande wa bara, wametazamana, magoti yanakaribia kugusana, na kamba moja inapita baina yao. Huyu anapenyeza, yule anapokea, anakaza, anarudisha. "Vuta." "Legeza kidogo." "Haya, hapo hapo." Sasa niambieni nyinyi wenye hekima: utakaa hivyo kutwa nzima, uso kwa uso na mtu, kamba moja mikononi mwenu, na bado umnunie?

Ndugu hawa waligombana mara nyingi. Kaka mtu alikuwa mwenye neno moja na akijisifia hilo. Mdogo mtu hakuwa na haraka ya kuomba radhi hata kidogo. Basi hawakuwa wakiombana radhi. Walisubiri makuti yazeeke. Mwenye nyumba anapeleka neno, "Paa langu linavuja," na mwenzake anakuja na kamba begani. Wanapanda wamenuna, wanashuka wanacheka. Sharti lilikuwa moja tu: hupandi juu ya paa la mtu kabla hujaitwa, hata awe ndugu yako.

Sasa ikatokea siku posa ya binti wa mdogo mtu ikaja, na ikajibiwa, na baba yake mkubwa hakuwapo. Alikuwa machimboni. Wageni walikuja ghafla, wana safari, mdogo mtu akaona aibu kuwarudisha, akawajibu. Kaka mtu aliporudi na vumbi la mawe kichwani alikuta watu wameshakula halua na kuondoka.

"Umenifanya mimi si mtu," akamwambia mdogo wake.

"Nilikutumia neno, kaka. Halikukufikia."

"Neno. Mimi ni wa kutumiwa neno?"

Akageuka, akaenda zake. Jambo lenyewe ndilo hilo. Mnacheka? Jicheke mwenyewe kwanza. Lako lilianza na nini? Na kiti? Na sahani ya pilau iliyomfikia mwingine kabla yako?

Masika yalipokaribia na mvua za kwanza zikaanza, nyumba ya kaka mtu ilikuwa imechoka. Mkewe akatoa ndoo, akatoa sufuria, akamaliza vyombo vyote vya jikoni na bado palikuwa na pa kutegea.

"Bwana," akasema, "mwite mdogo wako. Leo nimepika wali kwenye chungu cha uji, sufuria liko kazini chini ya paa lako."

"Sitamwita."

"Basi nitamwita mimi."

"Ukimwita wewe, utakaa naye juu ya paa wewe."

Na yule mtu akaenda mjini, akarudi na fundi wa bati.

Siku moja kabla ya kazi, kaka mtu alitoa vitanda na vyombo vyote uani, na kila aliyepita njiani aliona kuwa nyumba inataka kuezuliwa. Asubuhi vijana wa fundi wakapanda, wakaanza kuyatupa chini makuti meusi, vumbi tupu, panya wakikimbia huku na huku. Kaka mtu amesimama uani akisimamia kazi. Mara akamwona mdogo wake anaingia, hakuitwa na mtu, kamba ya usumba wa makumbi ya nazi begani.

"Asalaam aleikum, kaka. Nimeona vitanda nje."

"Waaleikum salaam."

"Nikasema nije."

Kaka mtu akamtazama, akatazama ile kamba. Ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yakimchuruzika mdogo wake mgongoni, shati limegandana na mwili. Na kaka mtu alijua, kama alivyojua kila mtu pale, kwamba kamba ya usumba inalowekwa usiku kucha ndipo ilainike. Maana yake mtu huyu hakukurupuka asubuhi ile. Aliweka kamba majini jana, akalala akijua kuwa hakuitwa, akaamka akaja hivyo hivyo. Kwa watu wa kijiji kile, kuja hujaitwa ni kujivunjia heshima yako mwenyewe. Mkwezi yule aliivunja yake, akaibeba begani, akaileta mpaka uani.

Kaka mtu aliona yote hayo. Nataka mjue kwamba aliona. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani, mabati yalipopangwa yanang'aa.

"Bati halifungwi kwa kamba," akasema.

Mdogo mtu akayatazama mabati. "Kweli," akasema. "Mungu akupe heri nalo." Akatoka, na njia nzima ikawa na matone.

Kabla ya alasiri kazi ilikwisha. Mgongo wa paa ulifungwa na kijana mmoja, peke yake, kwa kipande cha bati kilichokunjwa na misumari, huku anapiga mluzi. Fundi akafuta mikono. "Mzee," akasema, "hili nimelipiga rangi ya kukinga chumvi. Mimi na wewe tutazikwa, lenyewe lipo."

Na fundi hakusema uongo. Masika yale nyumba haikuvuja hata tone. Kaka mtu alilala chali, mikono chini ya kichwa, anatabasamu gizani. Sufuria limerudi jikoni. Hana wa kumwomba, hana wa kumlisha, hana wa kumshukuru. Alijiona mtu huru.

Mwaka mwingine makuti ya mdogo mtu yakachakaa. Mkewe akaja barazani kwa shemeji yake, hakukaa hata kwenye mkeka.

"Shemeji, mwenzio anaezeka. Anasema mgongo unakungoja."

"Mwambie aweke bati. Atakuwa huru kama mimi."

"Huru na nani, shemeji?"

Yule mama akajifunga kanga yake vizuri, akaenda. Mgongo ule mdogo mtu akaufunga na jirani.

Basi miaka ikapita. Hasira ya mwanadamu, ndugu zangu, si kama bati. Haina rangi ya kuikinga na chumvi. Ya kaka mtu ilikatika vipande vipande, mpaka siku moja akaitafuta hakuiona. Binti wa ile posa akazaa, akazaa tena, na watoto wake wakawa wanapita pale barazani wanamwita babu. Maneno yenyewe ya ugomvi alikuwa ameanza kuyasahau. Lakini na mdogo wake walikutana msikitini tu, wakapeana ile salamu mnayoijua, ya kugusana ncha za vidole, kila mmoja akaenda kuvaa viatu vyake.

Alitaka kumwendea. Shida ni kwamba hakujua njia ya kumwendea. Tangu ujana wao njia ilikuwa moja: paa langu linavuja. Hakuwahi kujifunza nyingine. Na sasa paa haliombi msaada. Mvua ikinyesha alikuwa akiinua macho, anakagua msumari mmoja mmoja, anatafuta tone. Kumbukeni, mtu huyu amejenga kwa jasho lake, na anamlilia Mungu nyumba yake iharibike. Haikuharibika.

Mke wake akarudi kisimani siku moja akamkuta mzee yuko juu ya nyumba, amekaa kitako kwenye bati la moto, nyundo mkononi.

"Unafanya nini huko, na magoti yako hayo?"

"Natazama panapovuja."

"Nimelala chini ya bati hili mpaka nimezeeka, halijanidondoshea tone. Leo limepata wapi tundu?"

"Chumvi hiyo."

"Chumvi yenye nyundo," akasema mama yule. Lakini alimshikia ngazi akashuka, maana alimjua mumewe na alijua anachotafuta.

"Nenda kwa mdogo wangu," mzee akasema. "Mwambie paa linavuja. Usiongeze neno."

Mdogo mtu alikuja. Msidhani hakuja. Alikuja siku ile ile, mkewe amemshika mkono, kwa sababu miguu ile iliyopanda minazi yote ya kijiji sasa ilikuwa inatetemeka hata kwenye kizingiti. Wakamkalisha kitini. Wake zao wakatoka kwenda uani, wakawaacha. Mdogo mtu akainua kichwa, akalitazama lile tundu jinsi lilivyokuwa linaingiza mwanga, la mviringo safi, halina hata kutu pembeni.

"Hili ni la msumari, kaka."

"Ndiyo."

"Umelitoboa wewe."

"Nimelitoboa mimi."

Kisha mdogo mtu akasema, polepole, "Kila masika nilikuwa napita njia ya nyuma hapo, usiku wa mvua ukiisha, nione kama mmetoa vyombo nje. Nilikuwa naomba Mungu livuje. Unisamehe, nilikuwa nakuombea mabaya. Kwa nini hukuja tu? Ungekohoa mlangoni, ningefungua."

Kaka mtu akafungua mdomo amjibu. Na hapo hapo mvua ikashuka.

Mvua juu ya bati lisilo na dari, mnaijua. Mtu hamsikii mtu. Kaka mtu alisema alichosema, mdogo mtu akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Mdogo mtu naye akasema neno, akalisema tena, kaka mtu akainama mpaka paji la uso likakaribia kumgusa, hakupata kitu. Chini ya makuti wangezungumza kwa kunong'ona. Wakabaki wanatazamana midomo, wazee wawili, mpaka mvua ilipokatika na jua limekwisha kuchwa, na mkewe mdogo mtu akaja kumchukua kwa kuwa njia ina utelezi.

Mlangoni kaka mtu akamuuliza, "Ulikuwa unasema nini pale?"

"Nimesahau," mdogo mtu akasema. "Nitakumbuka kesho."

Kesho yake wakazungumza mengine, na kesho kutwa mengine. Masika yaliyofuata mdogo mtu hakuyaona.

Naona baadhi yenu nyuso zimekunjuka. Mnasema, alhamdulillahi, si walipatana? Walipatana, ndiyo. Nyinyi furahini, mimi sifurahi. Mtu mwenye njaa miaka yote ile akatiwa tonge moja mdomoni siku ya mwisho, mtasema ameshiba? Ile miaka nani atawarudishia? Wale watoto waliopita barazani bila kuwaona babu zao wamekaa pamoja, nani atawaonyesha?

Na msitoke hapa mkasema nimeharamisha bati. Kwangu mimi ni bati, na nalishukuru. Nasema hivi. Zamani shida ilikuwa inatushika mkono inatupeleka mlangoni kwa jirani. Moto umezimika, unakwenda kuomba kaa. Maji hakuna, unakwenda kisimani na huko unamkuta uliyemkasirikia, mnagawana kamba. Leo kila mtu ana kiberiti, ana bomba, ana simu ya kumwita fundi. Mungu ametupunguzia dhiki, na sisi neema yake tumeigeuza ukuta. Dini imetupa siku tatu tu za kumhama ndugu, kuacha kusema naye. Sisi tunahama miaka, na tunajiambia kuwa siku moja litatokea jambo litukutanishe. Jambo gani? Mnangoja maradhi? Mnangoja maiti iwe katikati yenu ndipo mpeane mkono? Yule mzee angalau mwisho alipanda na nyundo. Wewe umepanda wapi?

Mimi sikusoma chuo, na kuremba maneno siwezi. Nasema ninachokiona. Humu ndani, mchana huu, kuna watu wawili kila siku wanapishana safu makusudi ili mabega yao yasigusane. Mnajijua. Na mimi nawajua, na nyumba zenu nazijua, haziko mbali kuliko inapofika sauti ya adhana.

Dua yangu leo itakuwa fupi. Ikiwa ndefu mtapata nafasi ya kufikiri, na mkifikiri mtaahirisha. Mola tusamehe. Amin. Simameni, nendeni.