Kazi ya Mungu na Kazi ya Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kiboko alikuwa akitembea nchi kavu mchana kweupe na kila mtu akimpisha, palikuwa na kilima cha mawe kando ya mto. Nyie wa nyuma huko, mnanisikia? Tulieni basi. Na wewe weka chini hicho kipande cha muwa, hadithi hii haisikilizwi na mtu anayetafuna.

Kwenye kilima hicho aliishi pimbi mmoja mjane, jina lake Kidawa. Pimbi mnamjua: kadogo, mkia hana, na kazi yake kutwa ni kuota jua juu ya mawe. Kidawa alikuwa na wanawe wawili na pango lake. Mwisho kabisa wa pango, maji yalidondoka tone, tone, tone, hayakauki hata kiangazi kiwe kikali vipi. Mumewe, Shomari, alikuwa amekufa. Na namna alivyokufa ndiyo iliyozaa hadithi hii.

Shomari alikuwa amekaa barazani kwake asubuhi, anasuka jamvi. Bwana Kiboko akapita. Njia ilikuwa pana, ungepitisha ndovu wawili bega kwa bega, lakini Kiboko akaona uvivu kuzunguka. Akakata katikati ya baraza ya watu, bila hodi. Kwachu! Shomari akabaki chini ya mguu.

Mnajua Kiboko alisemaje? Alitazama chini, akapangusa unyayo kwenye nyasi, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Akaenda zake.

Na kwenye matanga akaja! Mtu hana haya huyu. Akakaa mbele, akamaliza sinia zima la wali peke yake, akacheua, akasimama kuhutubia. "Ndugu zangu, liandikwalo ndilo liwalo. Siku ya Shomari ilifika. Mja hana hiari. Semeni amina!"

"Amina," wakaitikia wote, macho chini.

Kidawa hakuitikia. Alikuwa amewapakata wanawe. Fidia hakuitaka, na samahani hakuingoja. Alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwenye domo lile kubwa. Alitaka Kiboko aseme, "Mimi."

Basi tangu siku ile Kiboko akawa amepata dawa. Akifyeka mahindi yote ya Nyani, anasema, "Mungu kapenda." Akikalia kibanda cha Mzee Kobe kikawa chapati, anasema, "Jitihada haiondoi kudura, Mzee." Mwisho akajipa cheo kabisa: Msemaji wa Muumba. Na nani angembishia, na yale meno?

Alasiri moja Nyani na Mzee Kobe walikuwa wamekaa na Kidawa juu ya mawe. Nyani alikuwa na njaa, na njaa ilikuwa imemfikisha pabaya.

"Mimi na Mungu basi," alisema. "Mungu gani huyu, kila akipenda anapenda tumbo la Kiboko? Hayupo. Aliyepo ni Kiboko."

"Astaghafiru!" Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, akaongea kutoka humo humo. "Usikufuru, mwanangu. Tuvumilie. Kama amepanga tukaliwe, tutakaliwa."

"Wewe vumilia, una gamba!"

Kidawa akawatazama wote wawili, hasira zikampanda. "Hivi nyinyi mna nini? Nyani, umemkataa Mungu kwa maneno ya Kiboko. Mzee wangu, nawe unamkubali kwa maneno ya Kiboko huyo huyo. Yupo hata mmoja wenu aliyemuuliza mwenyewe?"

Mzee Kobe akachungulia taratibu. "Na wewe, mwanangu, unamwamini?"

"Nina ugomvi naye, Mzee. Nimemuuliza habari za Shomari na hajanijibu. Lakini huo ni ugomvi wangu na Mungu. Kiboko haumhusu."

Kiangazi kikaingia. Mto ukapungua mpaka maji yakawa hayamfiki Kiboko tumboni, na ngozi ya kiboko, wanangu, bila maji inapasuka kama udongo wa tanuri. Ndipo alipopanda kilimani, gudu, gudu, gudu, mawe yakiporomoka.

"Kidawa! Nimeoteshwa. Muumba kanipa pango hili na maji yake. Keshokutwa asubuhi wanyama wote watakuja kushuhudia. Wewe na wanao mtahama."

Nje ya mawe yale, mtoto wa pimbi hamalizi siku moja. Ama kipanga, ama chui. "Tutahamia wapi, Bwana?"

"Mtakapoandikiwa."

"Na nikikataa?"

Kiboko akacheka, mbavu zikatikisika. "Utakataaje? Sisi sote ni vikaragosi, uzi uko juu. Hata huko kukataa kwako kumeshapangwa."

"Kama kumepangwa, mbona unanifokea?"

Kiboko akakohoa. Akakohoa tena. "Keshokutwa!" akanguruma, akageuka.

Kidawa aliingia ndani akawatazama wanawe wamelala mmoja juu ya mwenzake, machozi yakataka kumtoka. Akayameza. Akaenda mwisho wa pango, kwenye kidimbwi cha maji, mahali alipoishi shoga yake Chura.

"Shoga, unaweza kuruka?"

"Unaniuliza mimi?" Chura akaja juu. "Nimezaliwa naruka!"

"Basi keshokutwa nikisema 'sikiliza', ruka na kuzama, ruka na kuzama, usipumzike."

Siku ikafika. Wanyama wakajaa kilimani, Nyani juu ya mti, Mzee Kobe akiwa na wana wa Kidawa kivulini. Kiboko akaja anajitanua. Kidawa, wanyama wakashangaa, akapiga goti.

"Karibu, Bwana Msemaji. Mimi nani nishindane na yaliyoandikwa? Pango ni lako. Na maji ya humo ndani! Sikiliza."

Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Mnajua pango linavyokuza sauti. Kidimbwi kile ungekimaliza kwa kata mbili, lakini kwa mtu aliye nje ilikuwa kama ziwa zima linapiga mawimbi. Udenda ukamtoka Kiboko.

"Ila mlango, Bwana," Kidawa akaendelea kwa upole. "Mlango ni ufa wa mawe. Sisi wadogo tunapita. Wewe, na hilo tumbo..."

"Hapiti!" Nyani akapiga kelele mtini.

"Nyamaza, wewe!" Kidawa akamkemea. "Kama kaoteshwa kweli, jiwe litajitanua lenyewe. Lisipojitanua, watu watasema hakuoteshwa, alivimbiwa."

Kicheko kikapita kilimani, hi hi hi, kikazimwa haraka.

"Lakini kama una wasiwasi, Bwana, rudi tu nyumbani. Hiari ni yako."

"Hiari?" Kiboko akavimba. "Mimi nina hiari? Mimi nasukumwa na kudura!"

Akatumbukiza kichwa. Kikapita. Akasukuma shingo, ikapita. Mabega yakapita kwa shida, kwaru, kwaru. Akajikaza, akasukuma kwa nguvu zake zote, na tumbo likafika. Kwaa!

Mbele hakuendi, nyuma hakurudi. Kichwa gizani, makalio juani. Na mbele ya pua yake, katika kidimbwi cha kunawia uso, Chura akamkonyeza. "Karibu ziwani, Bwana."

"Nitoeni!" Pango likaipaza sauti yake kilima kizima kikaisikia. "Jua linanichoma mgongo! Nitoeni!"

Kidawa akapenya kwenye kitundu cha nyuma, akaja kukaa juu ya jiwe mbele ya uso wake. Sasa walikuwa wanatazamana, jicho kwa jicho.

"Pole sana, Bwana. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Kazi ya Mungu gani! Mwambie Nyani anivute!"

"Liandikwalo ndilo liwalo. Kumbe wewe uliandikiwa mlango wangu."

"Hakuniandikia mtu! Umenidanganya wewe!"

"Mimi?" Kidawa akashika kifua. "Mimi kikaragosi tu, Bwana. Uzi uko juu."

Nje huko watu wakaangua kicheko, safari hii bila kukizima. Lakini jua lilikuwa linapanda, na ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka. Ta! Mpasuko wa kwanza. Ta! Wa pili. Kiboko akaacha kufoka, akaanza kulia.

"Kidawa, mwanangu. Nakufa."

"Nani kakuleta hapa? Mungu?"

Ta!

"Nimekuja kwa miguu yangu!" Kiboko akapayuka. "Sikuoteshwa kitu! Nilitaka maji!"

"Na mahindi ya Nyani?"

"Nilikula mimi! Yalikuwa matamu!"

"Haaa!" Nyani nusura aanguke mtini. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe?"

"Na Shomari?" Kidawa akauliza.

Sauti yake haikuwa tena na mzaha. Chura mwenyewe akatulia. Yakabaki matone tu ya maji, tone, tone.

"Shomari... siku yake ilikuwa..."

Kidawa akainuka. "Kwaheri."

"Ngoja! Usiondoke!" Kiboko akafumba macho. "Mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi nilimkanyaga. Nilimwona amekaa, anasuka. Njia ilikuwa pana. Niliona uvivu kuzunguka. Ni mimi."

Hapo ndipo Kidawa alipolia. Tangu matanga hakuwa ametoa hata chozi, na sasa alilia mpaka akakaa chini. Aliyajua hayo siku zote. Lakini kujua peke yako ni mzigo, na sasa kilima kizima kilikuwa kimejua.

Huko nje watu wakawaka. "Mwacheni!" Nyani akashuka mtini anatetemeka kwa hasira. "Akaukie hapo hapo! Hiyo ndiyo hukumu ya Mungu!"

Kidawa akatoka kwenye kitundu, macho mekundu, akamsimamia Nyani mbele, kadogo vile vile. "Hapana, Nyani. Ukimwacha, umemwacha wewe. Usimsingizie Mungu. Si huko huko tulikotoka sasa hivi?"

Akawageukia wote.

"Anayetaka kumwacha amwache, lakini ajue ni yeye," Kidawa akasema. "Mimi nakamata mkia."

"Huyu?" Nyani akashangaa. "Aliyekuulia mume? Kwa nini?"

"Kwa sababu nimetaka. Yeye alikuwa na uwezo wa kuzunguka, hakuzunguka. Mimi nina uwezo wa kumwacha, na simwachi. Mtu asije akaniambia nilisukumwa." Akapangusa pua. "Tena simtaki aozee mlangoni kwangu."

Akaukamata ule mkia mfupi. Watu wakamtazama anavyovuta, pimbi na kiboko, kichekesho. Mzee Kobe akasogea, akauma mguu mmoja, akavuta. Swala akaja, ngiri akaja. Wengine walikataa, wakageuka wakaenda makwao, na hakuna aliyewazuia. Nyani alikaa pembeni amefumbata mikono muda mrefu, kisha akatukana tusi ambalo sitawaambia, akaja kuvuta.

"Haya, twende! Harambee!" Pwaaa!

Kiboko akachomoka kama kizibo, akabingirika kilima kizima, bumburu, bumburu, mpaka mtoni. Chubwi! Akajilaza kwenye maji machache yaliyobaki, na mvua ziliporudi akazama penye kina, akabakiza macho na matundu ya pua. Mpaka leo mchana hatoki. Anangoja giza ndipo apande kula, akipita mbali na baraza za watu. Ngozi ilipona siku nyingi, ila aibu bado.

Kilimani watu wakapoa. Mzee Kobe akatoa kichwa chote nje, jambo ambalo huwa halifanyi mbele za watu.

"Sasa, mwanangu, tuseme amina?"

"Sema, Mzee wangu. Wewe unayo ya kwako mwenyewe."

"Mimi bado," Nyani akadakia. "Bado sijamwona huyo Mungu."

"Hiari yako. Hapa kwangu halazimishwi mtu kusema amina."

"Na wewe?" Mzee Kobe akauliza.

Kidawa akawachukua wanawe, akawaingiza ndani, kisha akapanda juu ya jiwe lake la kuotea jua. Akatazama juu, uso bado umekunjamana. "Ugomvi wetu haujaisha, Mzee. Leo nina maswali tele, na nitayauliza yote. Ila leo nitaanza kwa kumsalimia."

Hadithi yangu imefika mlangoni na imepita bila kukwama, wanangu, nanyi shikeni hili: ukimkanyaga mwenzako, usimtafute Mungu wa kumvalisha mguu wako.